Barua Ambayo Haikurudi

Habari hii nilisimuliwa na Inspekta mwenyewe, mke wa mwanangu wa tatu, mwaka juzi alipoteguka goti akaja kukaa kwangu majuma mawili. Alikuwa ananyoosha mguu juu ya kigoda, mimi nashona vifungo, naye ananipa kidogo kidogo. Yale ya mitambo nilimrudisha nyuma mara tatu tatu mpaka yakanikaa kichwani. Kazini ni Inspekta, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Maiti ilionekana Jumamosi, saa moja na robo asubuhi.

Ilikuwa kwenye bohari ya dawa na chanjo, ndani ya chumba cha kugandisha, chumba chenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Mtunza bohari alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango, magoti kifuani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Amevaa koti jepesi la kazi. Mlinzi alipouvuta mlango kwa nje, marehemu aliufuata, akalala miguuni pake.

"Nilidhani ananitania, Afande," mlinzi alisema. Meno yalikuwa yanagongana na jua limeshapanda. "Alikuwa mtu wa masihara yule. Nikamwambia, bwana, inuka. Nikarudia."

Inspekta hakumharakisha. Nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na minane na sijamwona akimkatiza mtu. Huwaachia watu uzi wajishonee wenyewe, nguo au sanda.

"Ulimwona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Jana saa kumi na moja jioni. Alisema anaingia dakika mbili kuhesabu maboksi. Mimi nikabadilishana zamu. Mwenzangu wa usiku yuko getini, huku hafiki."

"Mkewe hakumtafuta?"

"Magari ya chanjo yakichelewa, mara nyingi hulala hapa hapa. Alidhani ni hivyo."

Wapiga picha walipomaliza na alama za vidole zikachukuliwa, Inspekta aliomba koti zito, akaingia chumbani, akamgeukia msaidizi wake, Sajini, mwanamume mnene mwenye mdomo mwepesi.

"Nifungie."

"Afande, nina watoto wanne. Mlango ukigoma nitamwambia nini Mkuu?"

"Mwambie nilikuwa na joto. Funga."

Mlango ulifungwa. Kwa ndani palikuwa na kisukumio cha kijani, kikubwa kama kifuniko cha sufuria, kilichowekwa ili mtu akifungiwa akisukume atoke. Inspekta alikisukuma. Kiliingia ndani kilaini, kikarudi, mlango umetulia. Alisukuma kwa bega. Alipiga kelele, sauti ilikufa kutani. Alitazama simu, hakuna mtandao, kuta ni chuma tupu. Dakika moja tu, lakini Sajini alipofungua, Inspekta alitoka hana rangi.

"Sasa najua alichojua," alisema.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa anafunga mkoba. "Hana jeraha, isipokuwa viganja. Amepiga mlango mpaka ngozi imechubuka. Amekufa kwa baridi, kati ya saa tatu na saa tano usiku. Mengine nitakuandikia."

Fundi wa maabara akafungua kisukumio, akatoa pini ya chuma iliyokatika vipande viwili. Aliigeuza kwenye mwanga. Pale ilipokatika palikuwa pekundu.

"Kutu," alisema. "Na kwenye baridi kavu kama hii, kutu haiji kwa siku moja. Hii imekatika majuma mawili, pengine zaidi."

"Basi kuna mtu alijua," alisema Inspekta.

Mlinzi alijikuna shingo. "Marehemu alijua, Afande. Siku hizi kila akiingia alikuwa anatia kabari ya mbao mlangoni usijifunge. Nikamwuliza, unaogopa mlango, mzee mzima? Akasema, mlango huu na mimi tumegombana."

"Kabari iko wapi?"

Waliitafuta chini ya rafu, nyuma ya maboksi, mpaka kwenye ndoo ya takataka. Haikuwepo.

Meneja wa bohari aliwapokea ofisini, shati limenyooka, macho mekundu. Alikuwa wa kwanza kuitwa na mlinzi, na kabla polisi hawajafika alijifungia humo karibu saa nzima. Mlinzi alisikia kilio. Alimpelekea maji, mlango haukufunguliwa.

"Huyu alikuwa mkono wangu wa kulia," Meneja alisema. "Na kinachoniuma, Inspekta, ni kwamba niliona mbele. Tazama."

Alimgeuzia kompyuta. Kwenye kasha la barua pepe zilizotumwa palikuwa na moja ya tarehe nne, siku kumi na mbili nyuma, kwa fundi wa majokofu anayehudumia bohari. *Kisukumio cha ndani cha chumba cha kugandisha kimeharibika. Fika haraka. Ni hatari kwa maisha.*

"Alijibu?"

"Hata salamu. Nikadhani yuko njiani. Mafundi unawajua."

Barua ilichapishwa, ikawa kielelezo namba moja. Saa sita mchana fundi alikamatwa karakanani kwake, mikono ina grisi, hajasikia hata habari ya kifo. Alipoambiwa nani amekufa, aliketi chini barabarani.

Kwa sababu marehemu alikuwa shemeji yake. Mume wa dada yake, dada mmoja tu aliye naye duniani, aliyemlea baada ya wazazi kuondoka.

Dada huyo alikuja kituoni alasiri ile. Sajini alimruhusu asimame kwenye nondo. Hakulia.

"Nilikupa mume wangu akawa ndugu yako," alimwambia mdogo wake. "Umekula kwenye sahani yake. Umeandikiwa kwamba mlango unaua, ukakosa nafasi ya kuja na bisibisi?"

"Dada, sikuandikiwa."

"Barua nimeonyeshwa."

"Sikuipata, wallahi sikuipata."

"Mimi sina mdogo," alisema, akageuka, akaondoka. Toka hapo hakulala, watu waliokaa naye wanasema. Alikaa kitini macho wazi, usiku na mchana.

Inspekta alimhoji fundi saa ile ile, kabla machozi hayajamkauka.

"Anwani hii ya barua pepe ni yako?"

"Ilikuwa yangu nilipokuwa kampuni ya majokofu. Niliacha kazi mwisho wa mwezi uliopita nijitegemee. Sanduku langu walilifunga siku hiyo hiyo."

"Meneja alijua?"

"Nilimpa kadi yenye anwani mpya. Mkononi."

"Nani aliona?"

"Shemeji."

Inspekta aliliandika neno hilo, akalipigia mstari.

"Huyo shemeji yako hakukuambia mlango ni mbovu?"

"Ya kazini alikuwa hayaleti nyumbani. Jumapili iliyopita alisema tu, 'Kuna kazi yako inakuja, bosi hajatoa ruhusa.' Sikumwuliza kazi gani." Fundi alifuta pua kwa mkono wa shati. "Tulikuwa tunatazama mpira, Afande. Sikumwuliza."

Mkuu wa Upelelezi alisoma jalada akiwa amesimama. "Limekwisha hili. Meneja aliandika, fundi alihama bila kumjulisha mteja. Uzembe uliosababisha kifo. Jumatano mahakamani."

"Nipe mpaka Jumanne jioni, Mkuu."

"Unatafuta nini?"

"Sijui bado."

Na kweli hakujua. Alichokuwa nacho ni swali moja, na alimwuliza Sajini ndani ya gari Jumatatu asubuhi.

"Barua pepe ikitumwa kwa mtu asiyekuwepo, huenda wapi?"

"Hupotea, Afande. Kama soksi."

"Soksi haipotei, Sajini. Iko mahali. Ni wewe tu hujui."

Walikwenda kwenye ile kampuni ya zamani ya fundi. Walielekezwa chumba cha mwisho wa ukumbi, chumba kidogo chenye ubaridi na mvumo kama wa nyuki. Humo alikaa mzee mmoja aliyevaa sweta na jua la nje linapasua vichwa. Ofisi nzima ilimwita Mzee Waya. Alianza kazi akiwa kijana kwa kuunganisha simu kwa mikono, waya hii kwa tundu lile, na mitambo ilivyobadilika alibadilika nayo. Sasa alitunza mtambo wa barua pepe, wenyewe wanauita seva, sanduku jeusi lenye vitaa vya kijani. Vumbi hakuna hata la kuandikia jina.

"Karibuni, wanangu. Mkiona baridi, semeni. Mtambo hautaki joto, na mkubwa hapa ni yeye, mimi mtumishi tu."

Inspekta alimpa hati ya upekuzi. Mzee aliisoma mpaka mwisho, na nyuma pia, kisha akaikunja vizuri.

"Mzee, mimi ni wa kufundishwa," alisema Inspekta. "Fundi wenu aliyeacha kazi. Mtu akimwandikia leo kwa anwani ya zamani, barua inaangukia wapi?"

"Haiangukii popote. Haiingii."

"Eleza kama kwa mtoto."

"Mtoto angeelewa upesi kuliko askari," Mzee Waya alisema, na Sajini akacheka. "Sikiliza. Mtambo wa mwandishi unakuja kwenye lango letu, unabisha hodi. Unasema, mimi natoka mahali fulani. Nina barua iliyoandikwa na fulani. Inakwenda kwa fulani wenu. Hapo bado haujatoa hata bahasha. Wetu unatazama daftari. Jina lipo? Lete barua. Jina halipo? Unasema mia tano na hamsini."

"Ndiyo nini?"

"Ni lugha yao. Mia tano na hamsini maana yake, huyo hayupo hapa, wala usijisumbue kurudi. Basi mtambo wa kule, kwa kuwa umebaki na barua mkononi, ni lazima umwandikie mwenye barua: haikufika, sababu hii. Mara nyingi hata chai hujaipoza, imekurudia."

"Kila mara?"

"Mama, mtambo hauna uvivu."

Inspekta alivuta kiti, akakaa. Aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa amesahau kama yuko kazini. Mzee alieleza kama mtu anayesifia mkewe. Alisema zamani walikuwa wanapokea kila kitu kwanza, ndipo wanarudisha yasiyo na mwenyewe. Matapeli wakaona mwanya. Wakatuma takataka kwa majina ya kubuni, huku wameandika jina la mtu mwingine kuwa ndiye mtumaji. Mtu huyo, hana hili wala lile, akaamka na barua elfu kumi za kurudishwa ambazo hakuziandika. "Toka siku hiyo tunakatalia mlangoni. Ukishaingiza mgeni wa uongo, kumtoa ni fedheha ya jirani."

"Na ile taarifa ya kurudi ikikosa pa kwenda?"

Macho ya mzee yaling'aa. "Ah! Hapo ndipo utakapowavulia kofia waliotunga. Barua ya kurudisha huandikwa bila jina la mtumaji. Makusudi. Ikishindwa kufika hairudishwi tena, inaishia hapo. Ingekuwa na jina, mitambo miwili ingerudishiana barua moja mpaka kiyama, kila mmoja anasema si yangu, si yangu."

"Kama wakwe wawili na deni la heshima," Sajini alisema.

"Kama hao."

Inspekta aliuliza polepole, "Hakuna ofisi zinazopokea tu, zikanyamaza?"

"Zipo. Zina kapu. Kila kisicho na mwenyewe kinatupwa kapuni. Bosi wetu alitaka hilo, nikamkatalia mara tatu. Nilimwambia, mzee, kapu litajaa uchafu, hakuna wa kulichambua, na aliyeandika atakaa akidhani amefika. Mtu ameandika 'mwanangu mgonjwa', anangoja jibu. Mwambie hayupo! Atafute njia nyingine. Kumwambia mtu ukweli mlangoni ni adabu. Kumnyamazia ndiyo kumwua."

Hapo Inspekta aliinua kichwa.

"Na hodi zenyewe, Mzee. Mnaziandika?"

"Zote. Waliopokelewa na waliokataliwa. Saa, dakika, sekunde, nani alibisha, alimtaka nani. Tunatunza siku tisini."

"Nionyeshe waliomtaka fundi toka sanduku lilipofungwa."

Mzee alivaa miwani ya pili juu ya ya kwanza. Vidole vyake vizee vilitembea juu ya vitufe bila kutafuta. Orodha ilitoka, fupi. Duka la vifaa lilibisha mara nne kutangaza spana. Chuo kimoja mara moja. Mtu wa bima mara mbili. Wote: mia tano na hamsini.

"Kutoka bohari ya dawa?"

"Mwezi uliotangulia wamo tele, na walipokelewa. Toka sanduku lifungwe..." Alishuka na kidole mpaka chini, akapanda nacho mpaka juu, akashuka tena. "Hakuna. Tarehe nne hakuna, tano hakuna, mpaka leo hakuna. Bohari haijabisha."

Sajini aliacha kucheka.

"Utaweza kuyasema haya mbele ya hakimu, Mzee?"

"Mama, miaka arobaini nangoja mtu aniulize kazi yangu ni nini. Nitayasema mpaka mnitoe."

Njiani Sajini alipiga usukani. "Tumempata!"

"Tumepata karatasi," alisema Inspekta. "Wakili wake atasema karatasi imepotea njiani, mtambo umekosea, mzee ana miwani mbili. Nataka aseme mwenyewe."

Jumanne saa nne asubuhi waliingia bohari. Getini palikuwa na ubao mkubwa mweupe: SIKU 728 BILA HITILAFU. Mlinzi aliubadilisha alfajiri ya Jumamosi kama kawaida yake, kabla hajaenda kufungua ule mlango, na hakuna aliyeugusa tena. Inspekta alisimama mbele yake kitambo, halafu akapanda ngazi.

Meneja aliwakaribisha vizuri. Alikuwa amenyoa.

"Nimekuja kufunga jalada," Inspekta alisema. "Limebaki jambo dogo la kuandika. Nisaidie. Mtumie fundi barua, anwani ile ile."

"Sasa hivi? Niandike nini?"

"Andika 'salamu' tu."

Meneja aliandika, akabonyeza. Inspekta alikunja mikono. Sajini alianza kuhesabu chini chini: moja, mbili, tatu. Alipofika nane, kompyuta ililia. Meneja aliinama akasoma, na shingo yake ikabadilika rangi.

"Soma kwa sauti," alisema Inspekta.

"'Barua yako haikufika. Anwani uliyoandika haipo.'"

"Imerudi upesi."

"Naona."

"Ndivyo zinavyofanya zote. Sasa ile ya tarehe nne, taarifa yake ya kurudi iko wapi?"

Meneja aliinamia kompyuta, akapekua juu chini.

"Pengine niliifuta," Meneja alisema. "Napokea barua nyingi."

"Uliiona kabla ya kuifuta?"

"Bila shaka. Siwezi kufuta nisichokiona."

"Sajini, andika. Tarehe nne, Meneja aliona taarifa kwamba barua yake haikufika." Inspekta alisogeza kiti karibu. "Basi ulijua fundi hajui. Umeandika mwenyewe 'ni hatari kwa maisha'. Siku kumi na mbili ukamwangalia mtu anaingia mle na kutoka. Hukupiga simu. Hukutuma mtu. Hukuandika tena. Ulikuwa unangoja nini?"

"Hapana. Ngoja. Nimekumbuka vibaya." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Haikurudi. Sikuona kitu chochote."

"Haikurudi?"

"Haikurudi."

"Una hakika? Sajini anafuta ya kwanza anaandika ya pili."

"Nina hakika kabisa. Haikurudi."

Inspekta alitoa karatasi ya Mzee Waya, akaitandaza juu ya meza, akailainisha kwa kiganja.

"Haya ni maandishi ya lango la kule. Kila aliyebisha ameandikwa, hata muuza spana. Wewe humo. Barua isiyorudi, Meneja, ni ile iliyopokelewa au ile ambayo haikutumwa. Wa kuipokea hakuwepo. Nimekuachia moja tu."

Meneja aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha akavuta droo ya chini ya meza yake, polepole, akatoa kipande cha mbao, kimechongwa upande mmoja kikawa chembamba. Kabari. Akaiweka juu ya karatasi.

"Niliichukua Ijumaa mchana," alisema. "Alikuwa amekwenda kula."

"Kwa nini?"

"Wakaguzi walikuwa waje Jumatatu. Mlango wenye kabari unasema una ugonjwa."

"Alikuambia lini kisukumio kimekatika?"

"Mwisho wa mwezi. Akaniambia tena. Akaniambia na mara ya tatu, kwa heshima, kofia mkononi." Alisogeza ile kabari kwa kidole. "Kukitengeneza lazima chumba kitolewe vitu vyote, kiyeyushwe siku mbili. Hiyo ni hitilafu. Ubao unarudi sifuri. Jumatatu ilikuwa siku ya mia saba na thelathini, Inspekta. Miaka miwili kamili. Hakuna bohari iliyofika. Walikuwa wanipe kusimamia bohari zote. Nikamwambia, subiri wakaguzi wapite. Siku chache tu."

"Hukumwambia kwamba umechukua kabari."

"Nilidhani ataona haipo, hataingia."

"Na yeye alidhani ni dakika mbili." Inspekta hakupandisha sauti. "Barua?"

"Jumamosi asubuhi. Mlinzi aliponipigia. Nilikuja, nikajifungia, nikang'oa waya wa mtandao, nikairudisha nyuma tarehe ya kompyuta. Nikaandika, nikaisogeza kwa mkono kwenye zilizotumwa."

"Anwani mpya ya fundi ulikuwa nayo?"

Meneja alitoa pochi. Kadi ilikuwemo.

"Ningetumia hii, angesema hajaipata na sanduku lake lingemshuhudia. Nikatumia ile iliyokufa. Nilidhani..." Alifunika uso. "Nilidhani barua ya mtu asiyekuwepo haina wa kuiulizia. Barua zangu zote huziandika katibu wangu. Sijapata kurudishiwa hata moja. Sikujua zinarudi."

"Na kile kilio alichokisikia mlinzi, kilikuwa cha kweli?"

"Nililia kweli, Inspekta. Nilimpenda yule mtu. Nilikuwa nalia huku naandika."

Inspekta anasema hilo ndilo lililomtia baridi kuliko kile chumba.

Meneja alisomewa haki zake, akafungwa pingu kwa mbele, akatoka kwa miguu yake. Fundi alifunguliwa saa nane. Kabla ya kuondoka kituoni, Inspekta alimpigia Mzee Waya kumshukuru.

"Mimi sikufanya kitu, mama," mzee alisema, na nyuma yake mvumo ulisikika. "Mtambo umesema kweli kwa sababu hakuna aliyeufundisha kunyamaza."

"Wewe ndiye uliyekataa kapu."

"Haya. Hilo nalikubali."

Inspekta alimpeleka fundi kwa gari yeye mwenyewe, Sajini nyuma. Fundi aliomba ashushwe kwake.

"Kwako baadaye," alisema Inspekta. "Twende kwa dada yako."

"Alisema hana mdogo."

"Nilisikia. Vaa kiatu vizuri, umeacha kamba."

Dada alikuwa kwenye kiti kile kile. Bintiye wa miaka mitano alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na miguu yake. Inspekta alipiga magoti, goti lile lile lililokuja kumsumbua baadaye, akamweleza yote. Hakuficha kabari. Hakuficha mara tatu na kofia mkononi. Alimweleza na habari ya lango na ya hodi, kwa maneno machache. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuandikiwa," alisema.

"Hakuandikiwa."

"Na mume wangu alisema."

"Alisema mara tatu."

Dada alitikisa kichwa taratibu. Akainua macho, akamtazama mdogo wake aliyesimama mlangoni kama mgeni.

"Umekula?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Sikumbuki, dada."

"Mimi pia." Akavuta pumzi. "Nilikuambia maneno."

"Uliniambia maneno ya mtu aliyefiwa. Nami nimefiwa."

Inspekta na Sajini waliondoka hapo, maana mengine si ya polisi. Inspekta alifika kwake jua halijazama, akavua viatu, akalala na nguo za kazi, na mwanangu akamfunika. Meneja naye, mlinzi wa mahabusu anasema, alilala mapema mno, kama aliyetua mzigo.

Kule nyumbani walikula kilichokuwepo, kimepoa, hakuna aliyejali. Walisema kidogo habari za marehemu. Dada akacheka mara moja kwa masihara fulani ya mumewe, akajizuia, kisha akaacha kujizuia. Katikati ya sentensi kichwa chake kiliinama. Fundi aliokota kanga, akamfunika dada yake pale pale kitini, akakaa sakafuni kati ya kiti na mkeka. Alisikiliza pumzi mbili, ya mkubwa na ya mdogo, akiogopa kwamba moja itakatika. Hazikukatika. Mikono yake ilikuwa bado na grisi ya Jumamosi. Aliitazama, akasema ataiosha akiamka, na kabla hajamaliza kuwaza hivyo, naye akalala.